Muulize Mfamasia: Kiungulia cha saa nane za usiku

SWALI: Asalaam aleikum, Bi Mfamasia. Mimi ni dereva wa tuktuk, Likoni, umri wangu miaka 52. Nikifika nyumbani saa nne usiku nala nilichowekewa kisha najitupa kitandani. Ikifika saa nane kifua chawaka moto na maji machungu yanapanda hadi kooni. Naamka, nakoroga kijiko cha magadi soda kwenye maji, napiga mbweu, nalala tena. Yakiisha magadi nanywa maziwa baridi. Natumia amlodipine ya presha, na mgongo ukiniuma nameza diclofenac. Kijana wa duka la dawa aliniuzia omeprazole ya kutoka nje, ya bei kali. Nikawa nameza kila moto ukishika, wala sikuona faida. Bima ya kazini kwa mke wangu ikakataa kunirudishia pesa. Je, hii SHA, bima ya afya ya serikali, italipa? Na jirani ashikilia kwamba ni alsa, yaani vidonda vya tumbo, nikapimwe bakteria. – Baba Salma, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, kakangu. Tuanze na hicho kijiko, maana ndicho kilichonishtua kuliko moto wenyewe.

Kijiko kimoja cha chai cha magadi soda, yale ya pakiti ya kuumulia maandazi, kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike 2,000 kwa siku nzima, chakula na vyote. Sasa hesabu mwenyewe: chumvi ya mchuzi, achari, kipande cha papa mkavu, halafu usiku kijiko hicho juu yake. Asubuhi unameza amlodipine ishushe presha ambayo usiku umeipandisha kwa mkono wako. Sikatai kwamba magadi yanazima moto. Yakikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi, ndiyo hiyo mbweu unayoifurahia. Lakini ni nafuu ya muda mfupi, na kwa mtu wa presha si dawa ya kila usiku. Maziwa nayo yanapooza koo, kisha mafuta na protini zake zinaliamsha tumbo litoe asidi upya. Ukitaka cha kuzima moto wa ghafla, nunua dawa ya maji ya kutuliza asidi yenye magnesiamu na alumini, au ile yenye alginate inayoelea juu ya chakula kama povu. Magnesiamu ikizidi utaharisha, alumini ikizidi utafunga choo, ndiyo maana wanazichanganya.

Hukuniambia hicho unachowekewa ni kitu gani. Mimi nimezaliwa Mombasa, nakisia: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, au ukipita njiani viazi karai na ukwaju. Sina ugomvi na chakula chetu. Hata pilipili siwakatazi watu wote, kuna ambao haiwafanyi kitu. Kisa ni kwamba umio, ile njia ya chakula, na tumbo vimetenganishwa na msuli unaofunga kama mlango. Chakula cha mafuta kinaulegeza na kinakaa tumboni muda mrefu, na wewe unalala chali dakika chache baada ya kunawa. Maji ya tumbo yatakwenda wapi ila juu? Kula chakula chako kizito alasiri, kabla hujarudi barabarani. Saa nne usiku uji au ndizi mbili za kuiva zinatosha, na ukae wima kwa saa mbili au tatu kabla ya kulala. Najua umechoka. Angalau anza na siku ambazo unafunga kazi mapema.

Kitanda nacho kina kazi yake. Usirundike mito mitatu: mito inakunja kiuno na kulibana tumbo, mambo yanazidi. Weka matofali au vipande vya mbao imara chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, uinuke kiasi cha inchi 6 hadi 8. Lalia ubavu wa kushoto. Mke wako atanung'unika siku za mwanzo, mwambie nimekuagiza mimi. Na kama unavuta sigara au unatafuna tambuu ya tumbaku, unajua nitakalosema.

Sasa dawa zako. Amlodipine ni katika kundi la dawa za presha zinazoweza kuulegeza ule mlango niliousema. USIIACHE. Presha isiyotibiwa inaua, kiungulia kinakera tu. Mwambie daktari wako kwamba unaungua usiku, aangalie kama kuna nyingine inayokufaa. Diclofenac ndiyo ninayoiogopa zaidi. Hiyo inachubua ngozi ya ndani ya tumbo na kuleta vidonda, na inapandisha presha vile vile. Kwa mgongo jaribu kwanza paracetamol, na ukanunue mto mzuri wa kiti cha tuktuk.

Omeprazole haikukosa kazi, ilikosewa saa. Kidonge hiki hakizimi asidi iliyokwisha kutoka. Kinazifunga pampu zinazoitoa, na pampu hizo huamka pale chakula kinapoingia. Kwa hiyo kinamezwa nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, kabla mahamri hayajafika mezani, kila siku, uungue usiungue. Meza kizima, usikitafune, maana chembe zake zimefunikwa zisiharibiwe na asidi. Siku ya kwanza usitegemee makubwa, nguvu yake kamili huchukua siku moja hadi nne. Kwa kawaida daktari huandika miligramu 20 kwa wiki nne hadi nane. Ukiacha ghafla, asidi inaweza kurudi kwa kishindo kwa muda, usidhani ugonjwa umekuwa mkubwa. Walioendelea nayo miaka bila kuangaliwa, wengine wamepungukiwa na magnesiamu na vitamini B12. Na kama kabatini kwako mna ranitidine ya zamani, itupe. Mwaka 2020 Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe madukani kwa sababu ya kemikali inayohofiwa kuleta saratani.

Bima. Nimeona fomu nyingi zikirudi zimekataliwa, na sababu hasa huwa mbili. Ya kwanza, dawa imenunuliwa bila cheti cha daktari chenye jina la ugonjwa. Ya pili, umenunua ya jina kubwa ilhali wao wanalipia ile ya kawaida yenye dawa ile ile. Omeprazole imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na inatengenezwa na viwanda vingi. Ile ya bei nafuu iliyosajiliwa inafanya kazi ile ile. Siku nyingine anza kwa daktari aliye kwenye orodha ya bima, akuandikie jina la dawa na si jina la kampuni, na uchukue kwenye duka waliloliidhinisha. Pesa ulizokwisha kutoa hizo, kakangu, nasikitika, zihesabu zimekwenda.

Ama SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, watu wanachanganya mifuko yake. Mchango wako, asilimia 2.75 ya mshahara kwa mwajiriwa, au kiasi unachopangiwa wewe unayejiajiri, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, unaingia kwenye mfuko unaolipia kulazwa na matibabu ya hospitali kubwa. Kuonwa na daktari na dawa za kawaida katika zahanati na vituo vya afya, yaani levo ya 2 na ya 3, hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi unaotoka serikalini. Kwa huo inatosha uwe umejisajili, *147# kwenye simu, hata mchango ukiwa umekwama. Kwa hiyo kiungulia chako mlango wake ni zahanati ya mtaani. Nakuambia kabisa, kuna siku utakuta rafu ni tupu na utaambiwa kanunue nje. Siku hiyo omba cheti, ndicho kitakachokufaa kwenye bima ya mkeo.

Jirani yako hajakosea sana. Bakteria huyo, Helicobacter pylori, waligundua Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakapata Nobel mwaka 2005. Marshall alifikia hadi kuwanywa bakteria wenyewe ili kuthibitisha. Lakini hao wanaleta vidonda. Kiungulia cha kulala chali ni jambo jingine. Ukipelekwa kupimwa kinyesi au pumzi, mwambie daktari kama unatumia omeprazole, kwa sababu inapaswa kusimamishwa wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kitasema huna na kumbe unao.

Usingoje zahanati, nenda hospitali moja kwa moja, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, chakula kikikwama kooni, au ukikonda bila sababu. Na maumivu ya kifua yanayobana, yakashuka mkono wa kushoto na jasho jembamba likakutoka, hayo si ya kungojea magadi. Katika umri wako na presha juu, huo unaweza kuwa moyo.

SWALI: Shikamoo Bi. Nina mimba ya miezi saba, kiungulia hakinipi usingizi. Mamamkwe asema mtoto atakuwa na nywele nyingi. Niruhusiwe nini? – Binti wa Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwaka 2006 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwafuatilia wajawazito 64 wakitarajia kuivunja imani hiyo, wakakuta walioungua zaidi ndio waliozaa watoto wenye nywele nyingi. Mpe mamamkwe salamu zangu.

Homoni za mimba zinaulegeza mlango wa tumbo, na mtoto naye analisukuma tumbo juu. Kula kidogo kidogo, usijifunge leso kwa kukaza, lalia ubavu wa kushoto. Magadi soda usiguse, na udongo wa kula uache. Dawa ya kalsiamu au alginate inafaa, ila waonyeshe kliniki kwanza. Na isimezwe pamoja na vidonge vya damu wanavyokupa kule, kwa sababu inazuia madini ya chuma yasifyonzwe: acha saa mbili katikati.