Maswali na majibu: Kuhamishia orodha ya nyimbo kwenye programu ya matangazo

Swali: Nilitoa orodha ya nyimbo kutoka programu ya zamani ya redio yetu, nikaifungua kwa Excel ili nisahihishe majina, kisha nikaihifadhi tena kama CSV (faili ya maandishi ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato). Sasa nyimbo nyingi hazilingani na faili zake za sauti. Nimekosea wapi?

Jibu: Umekosea hapo katikati. Ukifungua CSV kwa kubofya mara mbili, Excel huchukulia kila kinachofanana na namba kuwa ni namba na kuondoa sifuri za mwanzo, hivyo wimbo wenye namba 004571 hubaki 4571, ilhali Rivendell, programu huria ya matangazo ya redio, kwa mfano, huziita faili za sauti kwa tarakimu sita za wimbo na tatu za kipande, yaani 004571_001.wav. Muda wa wimbo nao huharibika: 4:12 husomwa kuwa saa 4 na dakika 12, na atakayeugeuza kuwa sekunde atapata 15,120 badala ya 252. Fungua Excel ikiwa tupu, ingia menyu ya Data, ilete faili kupitia humo, na uagize safu zote zichukuliwe kuwa maandishi kabla hujagusa chochote. Nakala ya awali iache kando kama ilivyotoka.

Swali: Kila palipo na “Ng’ombe” katika majina ya nyimbo, skrini ya studio inaonyesha “Ng’ombe”. Je, nifute tu alama hiyo?

Jibu: Tafadhali usiifute. Mtangazaji husoma kile anachokiona, na ritifaa ndiyo inayotofautisha “ng'oa” na “ngoa”. Tatizo ni kwamba ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, huchukua baiti tatu katika UTF-8, mojawapo ya mifumo ya kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, na programu inayoisoma faili hiyo kama Windows-1252, mfumo mwingine wa aina hiyo, huzionyesha kuwa herufi tatu za ajabu. Chagua UTF-8 pande zote mbili, unapotoa na unapopokea. Ikiwa programu yenu haiikubali, badilisha ritifaa zote zilizopinda ziwe zilizonyooka. Notepad inatosha kwa kazi hiyo, na ritifaa iliyonyooka husomwa sawasawa katika mifumo yote miwili.

Swali: Jina la msanii likiwa na mkato ndani yake, mstari mzima unahama safu. Nifanyeje?

Jibu: Jina hilo lizungushiwe alama za nukuu mbili zilizonyooka, kama inavyoeleza RFC 4180, waraka wa mwaka 2005 unaoeleza muundo wa faili za CSV. Angalia pia kama kompyuta iliyotoa faili haikutumia nukta mkato kutenganisha safu, jambo la kawaida kwenye kompyuta zilizopangwa kwa desturi za nchi nyingi za Ulaya.

Swali: Tumeiamuru programu isirudie msanii kabla ya saa mbili kupita, lakini Franco anapigwa mara mbili ndani ya nusu saa. Je, programu ni mbovu?

Jibu: Programu inatii, orodha ndiyo inayoipotosha. “Franco”, “Franco & OK Jazz” na “T.P.O.K. Jazz” kwake ni wasanii watatu, kama ambavyo “Rochereau” na “Tabu Ley” kwake ni watu wawili, ingawa ni mtu mmoja. Hata nafasi moja tupu baada ya jina, isiyoonekana kwa macho, yaweza kumfanya “Mbaraka Mwinshehe” kuwa mtu mwingine.

Wengi hulitatua hili kwa kulazimisha jina moja kila mahali, na hilo linanisikitisha, kwa kuwa Mbaraka akiwa na Morogoro Jazz na Mbaraka akiwa na Super Volcano ni vipindi viwili vya maisha yake, na msikilizaji anastahili kuambiwa anasikia kipi. Weka safu mbili: ya kwanza ibebe jina la kupangia ratiba, lililoandikwa kwa namna moja tu katika orodha nzima, ya pili ibebe jina kama lilivyochapishwa kwenye sahani, ambalo ndilo litakaloonekana studio. Wimbo wa wasanii wawili uandikwe wote wawili kwenye safu ya ratiba, ikiwa programu yenu inaruhusu zaidi ya jina moja. Ni kazi ya siku kadhaa kwa maktaba kubwa, na ifanywe na mtu anayeujua muziki wenyewe.

Swali: Namba za ISRC, zile za kimataifa za kuitambulisha kila rekodi, ziandikwe na vistari au bila vistari?

Jibu: Bila vistari. ISRC ina herufi na tarakimu 12 tu. Vistari ni vya kumsaidia msomaji. Ukikuta yenye 11, rudi kwenye nakala ya awali ukatazame kilichodondoka.