Saa 24 Ni za Kazi Zote, Si za Kila Tajiri

Kila nirudipo Malindi nakuta kundi jipya barazani linalojiandaa kwenda kusoma Kanada, na kila mara nasikia hesabu ile ile: "Kaka fulani alipiga saa 40 kwa wiki, wala hakuguswa." Vijana hawa nawapenda, lakini neno hili hunikera, maana mwanafunzi wa kigeni kule ana kikomo cha saa za kufanya kazi nje ya chuo, na nimeona linakowafikisha watu. Basi nisikilizeni.

1. Msirithi saa za waliowatangulia. Huyo kaka hakudanganya. Kuanzia Novemba 15, 2022 hadi Aprili 30, 2024 Kanada iliondoa kikomo kwa muda kwa sababu ya uhaba wa wafanyakazi, na mwanafunzi aliyetimiza masharti alifanya kazi nje ya chuo kadiri alivyoweza. Muda ule umekwisha. Kikomo kilirudi saa 20, na tangu Novemba 8, 2024 ni saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Wala msichanganye na nchi nyingine: Australia ni saa 48 kwa wiki mbili, Uingereza kwa anayesomea shahada ni 20 kwa wiki. Kaka muulizeni habari za koti la baridi. Saa zisomeni wenyewe kwenye tovuti ya serikali, na mzisome tena kila muhula.

2. Kikomo ni cha kazi zote za nje ya chuo zikijumlishwa. Mtoto wa ami yangu, tuliyekuwa tukiishi nyumba moja kule, alikuwa na matajiri wawili, yaani waajiri: saa 16 mkahawani, saa 14 ghalani mwisho wa wiki. Kila tajiri alimwona yu chini ya kikomo, naye akaamini hivyo. Hakuwa na tamaa. Simu za nyumbani hazikukatika: leo karo ya nduguye, kesho paa linavuja, kesho kutwa harusi. Hakuna aliyewaeleza kuwa mwenye kibali cha kusoma si sawa na jamaa aliye Ghuba kwa mkataba wa kazi. Wazee wetu, hili nawaambia nanyi kwa heshima: mtoto hawezi kusoma, kulipa kodi ya nyumba na kulisha ukoo kwa saa 24.

Alipohitimu akaomba kibali cha kazi cha baada ya masomo, akatakiwa kuonyesha peslipu zake. Tulizipanga juu ya meza, tukajumlisha wiki moja baada ya nyingine, na nikamwona kijana aliyefaulu kila mtihani akiishiwa na maneno. Kwenye barua ya maelezo aliandika ukweli mtupu, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Akakataliwa. Shamba la minazi la Mambrui lilikuwa limeshauzwa kumlipia karo, na yeye ndiye aliyepaswa kumpigia babake simu.

Na anayewaambia "basi lipweni taslimu" msimsikilize. Saa hazipungui kwa kuwa hazikuandikwa, na tajiri wa namna hiyo akikunyima ujira utaogopa hata kumshtaki.

3. Kazi za ndani ya chuo hazihesabiwi kwenye zile 24. Maktaba, maabara, mkahawa wa chuo: ombeni huko kwanza, mapema, kabla nafasi hazijajaa.

4. Kwenye likizo iliyo katika kalenda ya chuo mnaweza kufanya kazi kutwa, mradi mlikuwa wanafunzi wa muda wote kabla yake na mtaendelea baada yake. Idi si likizo ya chuo kule. Wiki ya Idi, hata profesa akikuruhusu kukosa darasa, ni wiki ya saa 24 kama nyingine, na msikubali kujazwa shifti za wenzenu.

5. Kibali chenyewe mtapewa mkifika, uwanja wa ndege. Kisomeni pale pale, kabla ya kuondoka mbele ya afisa. Kama unastahili kufanya kazi, lazima kiandikwe hivyo, kwa maana bila maneno hayo hupati nambari ya SIN (nambari ya bima ya jamii ya mfanyakazi kule), na bila SIN huwezi kuajiriwa kihalali. Yakikosekana, mwombe arekebishe hapo hapo, hata kama foleni nyuma yako ni ndefu na watu wanaguna.