Klasta imefutwa, mbona bili inapanda?

Swali: Nilifungua klasta ya Kubernetes (kundi la kompyuta zinazoendesha programu kwa pamoja) kwenye Google Cloud ili nijifunze. Niliagiza nodi (kompyuta za klasta) 3, nikakuta 9. Baada ya siku 2 nikaifuta, lakini juma zima limepita na bado nakatwa dola. Nimekosea wapi? *Mwanafunzi, Katuba, Lubumbashi*

Jibu: Ndugu, makosa ni mawili. La kwanza ni mahali ulipotaja. Ukiandika eneo zima, kama europe-west1, idadi ya nodi huzidishwa kwa kanda (sehemu ndogo) 3 za eneo hilo, na kila nodi huja na diski ya gigabaiti 100 usipopanga vingine. Kwa kujifunza, kanda moja na nodi moja zinatosha:

`gcloud container clusters create darasa --zone europe-west1-b --num-nodes 1 --machine-type e2-medium --disk-size 30`

Usimamizi wa klasta ni dola 0.10 kwa saa, yaani dola 72 kwa siku 30. Google hufidia hadi dola 74.40 kwa mwezi, lakini kwa klasta ya kanda moja au ya Autopilot (ambayo Google husimamia nodi zake) tu. Yako ya eneo zima haikuingia humo. Mashine na diski unalipa mwenyewe.

Kosa la pili ndilo linalokutafuna sasa. Huduma (mlango wa kuifikia programu) ya aina ya LoadBalancer huomba kigawa mzigo, yaani kifaa cha kugawa maombi ya watumiaji, kilicho nje ya klasta. PVC, yaani ombi la hifadhi ya data, nayo huomba diski iliyo nje. Ukifuta klasta kwanza, anayejua kuviondoa vitu hivyo hayupo tena. Kwa hiyo anzia ndani: futa programu, halafu huduma (`kubectl delete service`), halafu PVC, na klasta iwe ya mwisho. PVC ikiganda kwenye Terminating (inafutwa), kuna podi (programu inayoendeshwa ndani ya klasta) bado inaitumia. Tena angalia StatefulSet (aina ya programu inayotunza data yake): ukiifuta, PVC zake kwa kawaida hubaki.

Kwako wewe klasta imeshaondoka, basi vitafute kwa mkono (vigawa mzigo, diski, na anwani za IP):

`gcloud compute forwarding-rules list`
`gcloud compute disks list`
`gcloud compute addresses list`

Diski zenye jina linaloanza na pvc- ndizo za kushuku kwanza. Zitazame vizuri kabla ya kufuta, maana data haitarudi. Anwani ya IP uliyoihifadhi hulipiwa hata isipotumika.

Kufuta klasta huchukua dakika kadhaa. Umeme ukikatika katikati usihangaike: kazi inaendelea upande wa Google. Ukirudi, andika `gcloud container clusters list` uone kama bado ipo. Na usitegemee onyo la bajeti. Linatuma barua pepe tu, halizimi kitu. Ripoti ya malipo nayo huchelewa, kwa hiyo itazame tena kesho kutwa, ukiipanga kwa SKU (jina la kila kitu kinacholipiwa), uone ni kitu gani hasa bado kinahesabiwa.