Santuri inang'aa, mbona nzumari inakoroma?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Galway, Ayalandi, mwaka wa tatu sasa, kazi yangu uuguzi. Nimeingiwa na pepo la santuri za muziki wa kienyeji wa huku, nazinunua za mtumba kwenye maduka ya hisani. Juzi nimepata moja ya uilleann pipes tupu, ile nzumari ya mfuko ya Kiayalandi, inang'aa kama kioo. Nimeiosha vizuri. Nyimbo za mwanzo ziko sawa, lakini nikikaribia katikati ya sahani sauti inakwaruza, utadhani mpigaji ana kikohozi. Mashine yangu ni mbovu au nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

JIBU: Marahaba. Kabla hujamlaumu mtu, chukua santuri mpya kabisa, upige wimbo wa mwisho wa upande wowote. Ukitoka safi, mashine haina kosa. Ukikwaruza nao, angalia sindano: huenda imekwisha, au katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, imefungwa kombo. Ila kwa maelezo yako, mimi naishuku santuri.

LP, yaani santuri ndefu ya kawaida, huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, lakini duara la ukingoni ni refu na la karibu na lebo ni fupi. Kwa hiyo ukingoni mfereji wa sauti hupita chini ya sindano kwa kama sentimita 50 kila sekunde, na mwishoni kama 21 tu. Sauti iliyotandazwa kwa raha pale mwanzo, huku mwisho imebanwa kwenye chini ya nusu ya nafasi ile. Mikunjo ya mfereji inakuwa midogo mno, na sindano iliyochakaa haiwezi kuifuata, inaiparua. Zamani santuri nyingi zilipigwa kwenye redio-gramu za sebuleni zenye mkono mzito, gramu 5 na zaidi, wakati katriji nyingi za leo huomba kama gramu 2. Ukuta wa mfereji ukishaliwa, sabuni hairudishi plastiki iliyoondoka. Mng'ao wa juu haukuambii lolote, kwa sababu sindano haipiti juu, inapita ndani.

Tena umeanza na ala isiyo na huruma. Uilleann pipes ni jamaa wa mbali wa nzumari yetu: ina ulimi wa matete mawili, ila upepo wake hautoki mashavuni, unatoka kwenye mvukuto unaobanwa kwa kiwiko. Ulimi ule hutoa sauti nyembamba nyingi juu ya noti yenyewe, na hizo ndizo zinazochorwa kwenye mikunjo midogo kabisa. Waimbaji na magitaa, kama The Dubliners, hukufichia mengi. Mpiga pipes akiwa peke yake hana pa kujificha. Filimbi ya bati pia ni hivyohivyo.

Sikio lako litofautishe mambo mawili. Uchafu hudonoa: tik, tak, bila mpangilio, hata pale muziki unapotulia. Uchakavu hufuata muziki: noti ikipaa, mkwaruzo unapaa nayo. Wa kwanza huoshwa, wa pili huzikwa.

Dukani, iinamishe sahani chini ya taa moja kali. Mfereji mzima ni mweusi. Ulioliwa huwa na ukungu wa kijivu, hasa karibu na lebo. Kisha tazama tundu la katikati: vijistari vingi kulizunguka maana yake sahani imewekwa na kuondolewa mara nyingi, na watu waliipapasia tundu gizani. Kama duka lina mashine, omba wapige wimbo wa mwisho, si wa kwanza. Muuzaji akinuna, mwache na sahani yake.

Na pengine utashawishika kuwinda toleo la kwanza la kila santuri; wenzangu watanigombeza, lakini kwa mtu anayetaka kusikiliza ni mzigo. Kampuni ya santuri ya Claddagh ilianzishwa Dublin mwaka 1959, na santuri yake ya kwanza kabisa ilikuwa ya mpiga pipes Leo Rowsome. Matoleo kama hayo hurudiwa kukandamizwa, yaani kutengenezwa upya kiwandani, na mwaka ulioandikwa kwenye jalada si lazima uwe mwaka sahani yako ilipotengenezwa. Linganisha namba zilizochongwa kwenye eneo tupu kandokando ya lebo na zile za nakala nyingine. Nakala ya baadaye iliyo nzima naichagua kuliko ya kwanza iliyotafunwa. Santuri ya kundi la Planxty ya mwaka 1973 au ya kundi la The Bothy Band ya 1975, ukizipata safi, usiulize zimekandamizwa lini. Na kabla hujatoa fedha nyingi kwa sahani adimu, ukifika Dublin pitia Irish Traditional Music Archive, hifadhi ya muziki wa kienyeji, pale Merrion Square, uisikilize kwanza.

Ile uliyonayo ina dawa ya nusu. Kama ni ya mono, yaani sauti ya njia moja isiyogawanywa kushoto na kulia, weka kitufe cha mono kwenye amplifaya. Mfereji wa mono umeandikwa kwa kwenda kushoto na kulia tu. Kinachopanda na kushuka ni kelele, na kitufe hicho kinaitupa. Jaribu pia sindano yenye ncha ya duaradufu badala ya ya mviringo: hugusa ukuta mahali tofauti, na pengine itakuta sehemu ambayo ya zamani haikuilamba. Nimeona sahani zikipata nafuu kubwa hivyo, na nimeona nyingine zikibaki vilevile.

Siku moja utaangukia sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika, labda za mpiga fidla Michael Coleman wa Sligo, aliyerekodi New York miaka ileile Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Bombay. Hizo si plastiki, ni sheleki, aina ya utomvu mgumu. Zinataka sindano pana, karibu mara nne ya ile ya LP, na zioshwe kwa maji pekee. Ile dawa yenye alkoholi unayosafishia LP usiisogeze hata karibu, kwa maana sheleki huyeyuka ndani yake, na muziki nao.