Kipimo cha haraka hakioni hepataitisi B, DNA yake ipo

Swali: Nafanya kazi katika maabara ya zahanati moja hapa Kisumu. Mgonjwa wetu wa CCC (kliniki ya wenye HIV) alipimwa hepataitisi B kwa kipimo cha haraka, ukatokea mstari wa kontroli peke yake, yaani hasi. Damu yake ilipopimwa kwingine, DNA ya kirusi ikaonekana. Je, kirusi kimejibadilisha? Na chanjo bado inafaa?

Jibu: Huenda kimejibadilisha, lakini usianzie hapo. Mara nyingi zaidi protini ya uso, yaani HBsAg, ni kidogo mno kuonekana na kipimo cha haraka, na wenye HIV hupatwa na hali hii kuliko wengine. Tena chunguza stoo: vipimo vingi havitakiwi kuzidi nyuzi 30, na joto la Kisumu unalijua.

Sasa kirusi chenyewe. Protini ndogo ya uso ina asidi amino 226. Kingamwili hushika hasa kati ya nafasi ya 124 na ya 147. Mabadiliko yanayojulikana zaidi yako nafasi ya 145: glisini inatoka, ajinini inaingia, umbo la pale linageuka na kingamwili inakosa pa kushika. Yaliripotiwa mwaka 1990 huko Italia, kwa mtoto aliyekuwa amechanjwa. Kipimo kinachotegemea kingamwili ya aina moja tu kinaweza kupitwa. Chenye mchanganyiko hupitwa kwa nadra. Soma karatasi iliyo ndani ya pakiti.

Kwa mgonjwa wa CCC kuna jambo jingine, na kwangu ndilo tamu zaidi. Jeni ya protini ya uso imelala yote ndani ya jeni ya polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA ya kirusi. Herufi zilezile husomwa mara mbili, kila msomo ukianzia pake. Kirusi kikikwepa dawa ya lamivudini kwa badiliko la M204V (methionini inatoka, valini inaingia nafasi ya 204) kwenye polimerasi, protini ya uso nayo hubadilika nafasi ya 195. Kwa hiyo uliza kama aliwahi kutumia lamivudini bila tenofovir, dawa nyingine ya kirusi hiki.

Chanjo inafaa, bila shaka. Jenotipu A, yaani aina ya kirusi iliyoenea zaidi Kenya, haiikwepi. Watoto waendelee kuchanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Rudia HBsAg kwa ELISA (kipimo cha maabara) ya mtengenezaji mwingine, ongeza anti-HBc (kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi), na DNA ikiwa nyingi omba jeni ya S, ile ya protini ya uso, isomwe. Wakati huohuo waarifu CCC wasimwondolee tenofovir kwa sababu ya ule mstari mmoja: ikikatizwa, ini linaweza kuvimba ghafla.