Nchi Ina Wenyewe, Sawa. Kopi Yako Iko Wapi?

Juzi usiku kijana mmoja anayesoma makala zangu alinitumia ujumbe. Nauweka hapa kama ulivyo, nimetoa tu matusi mawili ambayo, kusema kweli, yalikaa mahali pake.

"Kaka, mimi basi. Nchi hii ina wenyewe. Nimeenda ofisi ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho nifuatilie namba ya NIDA, naambiwa elfu tano ya muhuri. Nikauliza risiti, jamaa akacheka. Nikampa. Kuanzia leo siasa sitaki hata kuisikia, na kura sipigi mpaka naingia kaburini."

Nimeusoma mara tatu. Kila nikirudia, jicho linagota kwenye neno moja: nikampa. Mdogo wangu, hapo nakujua kabisa. Unatoa hela huku mkono unatetemeka, unatoka nje unajiona mjinga kuliko aliyeipokea, halafu ukifika kijiweni unaitukana serikali nzima kuanzia juu hadi chini ili usijitukane mwenyewe. Nimeishi hivyo miaka mingi.

Mimi nilizaliwa 1992, mwaka vyama vingi viliporudi nchini, na marehemu baba alikuwa akitania kwamba ndiyo maana sinyamazi. Nina kibanda cha chaja na kava za simu Mbagala Rangi Tatu. Pale pembeni kuna kijiwe cha kahawa, na mimi ndiye nilikuwa bingwa wake. Katiba mpya? Nilikuwa na hotuba ya nusu saa. Rasimu ya Jaji Warioba ilivyofika Bunge Maalumu mwaka 2014 na kutoka imenyolewa, kisha kura ya maoni ikaahirishwa Aprili 2015 na haikupigwa tena, niliielezea kwa tarehe na kwa machozi. Watu walipiga meza. Halafu kila mtu akanywa kahawa yake, akaenda kwake.

Mwaka 2024 mzee mmoja wa kijiweni akachoka nami. Akasema, "Mwanangu, mdomo unao. Si ugombee basi?" Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 27. Nikaingia.

Kwanza ilibidi nitafute chama, maana kwetu hata uenyekiti wa mtaa haugombei bila chama kukudhamini. Hapa nataka nimtaje Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, kwa sababu vijana wengi wanamkumbuka kwa vituko vyake tu. Yule mtu alipigania mgombea binafsi mahakamani miaka ishirini. Akashinda Mahakama Kuu 1994, Bunge likabadilisha Katiba kuizima hukumu hiyo. Akashinda tena Mahakama Kuu 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, ikampa haki Juni 2013. Alifariki 2015 na hadi leo mgombea binafsi hakuna. Ila hukumu ipo, imeandikwa. Nitarudi kwenye hilo la kuandikwa.

Basi nikapata chama, sitakitaja. Nikachukua fomu. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, nimekaa nayo zaidi ya mwaka sijamsimulia mtu isipokuwa mke wangu. Fomu niliijaza siku ya mwisho, jioni, juu ya boksi la chaja, huku nahudumia wateja. Nikakimbia nayo ofisini. Pale nje kuna steshenari, kopi moja shilingi mia. Foleni ilikuwa na watu watatu. Nikasema ya nini, nikaingia, nikaikabidhi, nikashikana mkono na aliyepokea, nikaondoka natabasamu.

Majina yalipobandikwa ukutani, langu halikuwepo. Sababu: sehemu ya kazi haikujazwa.

Nakumbuka niliandika "mfanyabiashara". Nauona hata mwandiko wangu, ile "f" yangu iliyolala. Nilipokwenda kukata rufaa, mama mmoja mpole tu, wala hakunifokea, akaniuliza, "Una nakala?" Sikuwa nayo. Akaniuliza kama nilisainishwa popote wakati wa kukabidhi. Sikusainishwa. Akafunga faili.

Siku ya kura nilifungua kibanda kama kawaida, nikauza chaja nne. Kijiweni sikwenda. Watu walidhani nina hasira na walionikata, na ninayo, bado ninayo, ikifika Novemba tumbo linavuruga. Lakini kinachonikosesha usingizi ni kitu kingine. Kuna usiku nalala nawaza: na kama kweli niliruka pale? Sina pa kuangalia. Kwa shilingi mia ningekuwa nalala leo nikijua nilidhulumiwa. Sasa sijui hata hilo.

Miezi iliyofuata naomba niiruke, haina cha kusimulia. Nilinuna.

Nilichokuja kufanya baadaye ni kidogo na sitaki nikipambe, ingawa nakionea fahari. Mtaani kwetu tunachanga hela ya ulinzi shirikishi, elfu mbili kila nyumba kila mwezi. Risiti hakuna. Kusomewa mapato na matumizi hatukuwahi tangu nihamie. Zamani ningeipeleka kahawani. Safari hii nikaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa mtaa, nikaomba taarifa ya michango ya miezi kumi na miwili, nikataja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 na zile siku 30 ambazo sheria inampa mwenye taarifa kujibu. Nikatoa kopi tatu. Moja yao, moja ya ofisi ya kata, moja yangu. Na yangu nikasimama nayo dirishani mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Dada wa mapokezi akasema muhuri uko kabatini na mwenye ufunguo katoka. Nikamwambia namsubiri. Nilisubiri saa mbili na nusu. Kaja.

Siku ya ishirini na sita mkutano uliitishwa, Jumapili, uwanja wa shule. Watu kama arobaini, mvua inanyemelea. Kikasomwa kitabu. Kulikuwa na tundu la zaidi ya laki tatu, na mhusika akapewa muda wa kueleza. Hadi naandika hapa hajaeleza yote. Lakini mwezi huu mlinzi alipokuja mlangoni alikuwa na kitabu cha risiti, kipya, bado kina harufu ya duka. Mke wangu ameibandika ya kwanza kwenye friji.

Kwa hiyo ushauri wangu, mdogo wangu, ni huo. Andika. Toa kopi. Gonga muhuri. Ukiombwa hela isiyo na risiti, omba uandikiwe ni ya nini na nani anaidai. Mara nyingi hapo ndipo bei hushuka. Usiende peke yako. Na ukishaandika, toa kopi, hilo nimeshasema na nitalisema tena, maana ofisi inaogopa karatasi kuliko inavyokuogopa wewe na sauti yako ya kijiweni. Sisi vijana wa mji huu tunajua jina la kila waziri, ila muulize kijana wa Mbagala mtendaji wa mtaa wake anaitwa nani. Tunataka kung'oa mbuyu na hatujawahi kushika jembe. Samahani, nimeanza kuhubiri. Mama yangu alitaka niwe katekista.

Najua kuna anayenisoma akikunja uso. Utaniambia: na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, je? Ile wiki intaneti ilipozimwa na jiji letu likawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, barua yako yenye muhuri ingesaidia nini? Isingesaidia. Siku zile nilikaa ndani na wanangu, tumezima taa, nasikiliza barabara ya Kilwa ikiwa kimya, na mimi ninayeongea sana sikuwa na neno. Kuna watu mtaani kwetu bado hawajasema walichokiona. Siwezi kulifunga jambo hilo kwenye ushauri wa steshenari, na atakayejaribu nitamcheka. Ninachokiweza nakiona kuanzia kona ya mtaa wangu hadi ofisi ya kata, na huko ndiko niliko.

Kijana nilimjibu yote haya kwa sauti, dakika saba, maskini. Akakaa kimya siku nzima. Jana akaandika: "Kaka, nikiwaandikia barua kuhusu ile elfu tano, si ndiyo wataninyima na utambulisho wenyewe?"

Wanaweza. Sikumficha. Nimemwambia aje Rangi Tatu Jumamosi saa tatu asubuhi, twende wawili. Na aje na mia tatu yake mkononi, ya kopi.