Chagua Mti Mmoja Rondo, Uurudie Mwaka Mzima

Tangu nianze kubandika michoro yangu ya msitu wa Rondo, swali ninaloulizwa sana ni moja: "Mwalimu, niende mwezi gani?" Wengi wanaouliza wako Lindi mjini, Mtwara au Masasi, wana Jumamosi moja tu mkononi, na wanataka nitaje mwezi wafunge safari. Jibu langu huwa linawakatisha tamaa kidogo. Nenda mara nne. Na ukifika usiuzunguke msitu wote. Tafuta mti mmoja, ukae chini yake, uuchore, halafu uurudie kila majira yanapogeuka.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Agosti. Nilitembea kutwa, nikapiga picha zaidi ya mia mbili kwa simu, nikarudi nyumbani nimechoka na nimeridhika. Wiki iliyofuata nikazifungua ili nichore. Sikuweza kutofautisha mti na mti. Miguu ilikuwa imefika kila mahali, macho hayakuwa yametua popote.

Hapo nikamkumbuka babu. Babu yangu alikuwa mchongaji, Mmakonde wa Newala, na gogo la mpingo likiletwa uani kwake alikuwa haligusi kwa tezo siku ile. Alilikalia. Kesho yake analigeuza, analimwagia maji, anapitisha kidole kwenye nyufa na pale tawi lilipochipukia. Sisi wajukuu tulidhani anapumzika. Siku ya tatu au ya nne ndipo tunasikia tezo, na sura iliyotoka ilikuwa imefuata mapindi ya gogo lenyewe: kiwiko pale palipokuwa na kifundo, mgongo pale mti ulipojikunja kutafuta jua. Nilirudi Rondo mwezi uliofuata nikiwa na daftari na vipande vya mkaa wa jikoni, nikachagua mvule mmoja, nikaukalia kama yeye.

Kwa asiyepajua, Rondo ni uwanda wa juu ndani ya Wilaya ya Mtama, mkoani Lindi. Ukiwa Mtama chini unatoka jasho. Ukipanda, unaelekea karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari na shuka la asubuhi huliachi. Huko juu kuna msitu wa asili, na kuna mashamba ya miti ya serikali yenye misindano, mitiki na mivule ya kupandwa. Mtu asiyezoea anaona vyote kijani. Ingia kwenye misindano usikilize, kisha vuka uingie msitu wa asili usikilize tena. Sauti peke yake itakuonyesha tofauti. Msitu unalindwa, kwa hiyo kabla ya yote pita ofisi ya misitu upate kibali na mtu wa kufuatana naye. Usijipenyeze kwa njia za panya, hata kama kijana wa bodaboda anakwambia anazijua.

Mvule wangu niliupima kwa kanga, kwa kuwa sikuwa na futi. Kanga tatu, na kipande cha nne mpaka kwenye kiwiko. Septemba ile ulikuwa unapukutisha majani, na nilichora matawi matupu, jambo ambalo nawashauri wanaoanza wote: anza na mti ukiwa uchi. Unaona mifupa. Gome lake nililinakili kwa kuweka karatasi juu yake na kusugua kwa krayoni ya nta, taratibu, mpaka mistari ikajitokeza. Watoto wangu wa darasa la uchoraji wanalipenda zoezi hili kuliko yote, na mti haudhuriki hata chembe.

Niliporudi, majani mapya yalikuwa yanatoka na chini ya mti pametapakaa vitu vyeupe, virefu, laini, kama viwavi waliokufa. Niliviokota nikidhani ni wadudu. Mlinzi wa msitu aliyenisindikiza akacheka kwa upole.

"Maua hayo, mwalimu. Huu dume. Huu hauzai."

Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo kati ya milango na vitanda vya mvule bila kujua kwamba mivule ina dume na jike. Jike ndio hutoa matunda, mabichi ya kijani yenye vidonge vidonge kama forosadi, na popo ndio wanaoyala na kusambaza mbegu usiku. Ukikata majike yote ukabakiza madume, msitu utaonekana upo, lakini hakuna mche utakaoota. Katika picha zangu mia mbili za Agosti, jambo hilo halikuwemo hata moja.

Sasa niseme habari za majira, maana hapa kusini hatuna vuli na masika kama wenzetu wa kaskazini. Mvua yetu ni moja, inaanza kati ya Novemba na Desemba mpaka Aprili au Mei, na katikati inapumzika kidogo.

Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo nafasi rahisi ya kutembea, lakini ndiyo nafasi ya upupu. Maganda yake yanakuwa yamekauka, yana vinywele vya rangi ya dhahabu vinavyong'aa vizuri sana kwenye jua la asubuhi. Niliushika mmoja kwa mkono mtupu ili niuchore. Kilichofuata sitaki kimpate mtu. Vidole, shingo, kope. Nikakimbilia maji, na maji yakavisambaza. Mama mmoja wa kijijini, Mmwera, alinishika mkono kama mtoto: "Acha maji, mwanangu, acha kujikuna." Akachukua majivu makavu jikoni kwake, akanisugua kuelekea upande mmoja tu, akapangusa, akasugua tena. Ilichukua kama nusu saa. Basi vaa mikono mirefu, ingiza suruali ndani ya soksi (kupe nao wapo, na siafu), na kama kitu kina vinywele kichore kwa mbali.

Kipindi hichohicho ni cha jando na unyago. Mkiwa njiani na mwenzako wa kijijini akasema tugeuke, geuka bila kuuliza sababu. Porini kuna sehemu ambazo wakati huo si za wapita njia, na daftari la kuchorea halikupi ruhusa ya kuzikaribia.

Oktoba mpaka Desemba watu wako kwenye korosho. Hili wageni hawalifikirii. Utafika na kibali chako na viatu vyako vizuri, usipate mtu wa kukusindikiza, kwa sababu kila mwenye mikono anaokota. Panga naye mapema na umlipe sawasawa, maana siku anayokupa ni siku aliyoitoa shambani. Na usiwashe moto wowote. Majani makavu ya Oktoba yanashika kwa cheche ya sigara.

Mvua za kwanza ndizo ninazozipenda mimi. Jongoo wakubwa wanatoka, kumbikumbi wanaruka, vyura wanapokezana sauti usiku kucha. Njia ya kupanda inateleza vibaya, kwa hiyo shuka kwenye pikipiki utembee. Chora kwa penseli, wino utakutoka wote. Asubuhi sikiliza juu: hondohondo wanapita wakipiga kelele kama watoto wanaolia, na ndani ya majani kuna ndege mmoja wa kijani mwenye mdomo mnene, anayerudia mlio uleule mmoja bila kuchoka. Huyo si wa kila mahali. Aina hii hasa ipo hapa Rondo, kisha mpaka uende msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, ndipo umkute ndugu yake.

Halafu kuna komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku. Ana uzito wa gramu 60 hivi, karibu sawa na yai la kuku, na mkia wake umesimamisha manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Amewahi kuorodheshwa kati ya wanyama 25 wa jamii ya nyani na komba walio hatarini zaidi duniani. Yuko pia Litipo, Chitoa, Ziwani kule Mtwara, na misitu michache ya pwani, vipande vipande. Ukitaka kumwona, funga kitambaa chekundu mbele ya tochi, keti, nyamaza. Mimi nilikaa karibu saa mbili. Kwanza nikaona kinyonga mdogo amelala kwenye kijiti, amepauka kabisa kwenye mwanga. Kisha macho mawili, chini, kimo cha kiuno changu, nami nilikuwa nikitazama juu muda wote. Akaruka kutoka shina hadi shina akiwa wima, mara tatu, akapotea. Niliyochora usiku ule ni mistari mitatu na mkia. Ndio mchoro wangu ninaoupenda kuliko yote, na siuuzi.

Wanaopenda sanaa wananiuliza pia kuhusu vinyago. Mpingo unahitaji miaka 70 hadi 100, au zaidi, kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo mti wa kinyago cha mpingo unachonunua huenda una umri mkubwa kuliko mchongaji. Uliza mti umetoka wapi. Huko Kilwa vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, kwa kusimamia msitu wao wa asili, kwa hiyo kuvuna kwa utaratibu kunawezekana. Na jihadhari na mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu: sugua chini yake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, rangi itatoka. Mpingo wa kweli ukiutia majini unazama. Kwa watoto msiwape mpingo kabisa. Wapeni muhogo mbichi na kisu kidogo. Msanii George Lilanga, mchongaji na mchoraji aliyezaliwa huku kusini mwaka 1934, alianza kwa kuchonga mihogo, na akafika mbali.

Jambo moja linaniuma. Kilwa, katika msitu wa Mitundumbea, upo mti uitwao Karomia gigas uliodhaniwa umetoweka, ukaonekana tena mwaka 2011, miti michache tu. Mwaka 2018 mbegu zake zilipelekwa mpaka bustani ya mimea ya Missouri, kule St. Louis, Marekani, ili wajaribu kuiotesha. Nafurahi kwamba inatunzwa huko. Lakini nataka na sisi tulio karibu nayo tuwe na madaftari: lini majani yameanguka, lini ua limetoka, nani kaja kula. Andika tarehe kwenye kila mchoro, hata ukiwa mbaya. Wangu wa kwanza hauna tarehe na sasa haunisaidii kitu.

Mwaka huu nimeongeza mti wa pili. Mlinzi alinipigia simu mvua zilipokolea, akasema mvule jike aliokuwa akiniambia umezaa, uko ng'ambo ya korongo, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwa dume langu. Nilifika jioni, nikatandika gunia. Matunda yalikuwa yanadondoka moja moja kwenye majani. Giza lilipoingia popo wakaanza kuja, na sikuona tena karatasi. Kanga mbili na nusu.